KUMWENDEA ALIYEUFUNGA MLANGO WA MOYO WAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuzigeuza nyoyo apendavyo, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa viumbe vyote, na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema hata siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, katika kila mtaa wa miji ya pwani yuko mtu ambaye watu wamezoea kumpita. Huswali pamoja na wenziwe, lakini imamu akisha kutoa salamu, yeye ndiye wa kwanza kuvaa viatu vyake. Hakai barazani. Akiulizwa hali hujibu neno moja na kugeuza uso. Akialikwa arusini hana nafasi. Akipelekewa sahani ya chakula husema ameshiba. Na mwenye kumzidishia maneno hupata la ukali likamrudisha nyuma. Watu humjaribu mara moja au mara mbili, kisha husema: huyu ana kiburi, huyu hapendi watu, mwacheni na nafsi yake. Na neno hilo likisha kusemwa barazani huwa kama hukumu ya kadhi, wala hapatikani tena mwenye kuirudia daawa.

Basi yafaa kutazamwa mambo matatu: hukumu hiyo ya barazani ina haki gani; sheria yamtaka nini Mwislamu kwa mtu wa namna hii; na Mtume (s.a.w.) alishika mwendo gani kwa watu wagumu wa kukaribiwa.

DHANA YA WATU

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Alhujurat amewaamuru waumini wajiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi, na mahala hapo hapo akakataza kupelelezana na kusengenyana. Mwenye kuizingatia aya hii ataona kwamba mambo hayo matatu hufuatana kama shanga katika uzi mmoja: mtu hudhani, kisha hupeleleza ili apate kuithibitisha dhana yake, kisha huyaeneza aliyoyapata. Na mtu aliyejifunga ndiye anayepatwa na hayo zaidi kuliko wote, kwani yeye hayupo barazani kujitetea.

Kiburi kipo, na ni maradhi makubwa ya moyo. Walakini si kila aliyekaa mbali amekaa kwa kiburi. Yuko aliyemwambia rafiki siri ya nyumba yake, na kabla ya magharibi siri ile ikawa khabari ya soko. Yuko aliyelelewa kwa fimbo na matusi, hakuona mkono ukimnyookea ila kwa kupigwa, na leo mkono wa kumpa na mkono wa kumpiga kwake ni mamoja. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushituka. Wala ung'ongo hauna haki ya kukasirika kwa kudhaniwa nyoka. Yatosha kwamba utulie mpaka aliyeshituka auone kuwa ni ung'ongo.

Na yuko fakiri anayeusitiri ufakiri wake. Katika Sura ya Albakara Mwenyezi Mungu amewasifu mafakiri wanaojizuia kuomba, hata asiyewajua akawadhani kuwa ni matajiri kwa vile wanavyojiheshimu, nao hujulikana kwa alama zao. Ni wangapi waliokataa mwaliko wa arusi, ikasemwa ni kiburi, na sababu yake ni kwamba hawana kanzu ya kuendea wala cha kutuza!

Tena yuko mwenye msiba. Na afikiriwe nahodha mmoja aliyepotewa na mwanawe baharini wakati wa kusi. Siku 3 za matanga nyumba yake haikuwa na pa kukanyaga. Watu walikuja, khitma ikasomwa, chakula kikapikwa. Siku ya 4 kila mtu alirudi kwenye kazi yake, na nahodha akabaki na kitanda kilichotandikwa na hapana wa kukilalia. Watu walipomrudia baada ya mwezi, hawakuja kwa ajili yake. Walikuja kumuuliza chombo chake atakiuza au hatakiuza. Tangu siku ile akaufunga mlango. Basi anayesema kwamba nahodha huyu hapendi watu, na atazame vizuri nani aliyemwacha mwenziwe kwanza.

Hapa pana jambo limewapotea wengi. Mafakihi wa madhehebu ya Imam Shafii wamesema kwamba taazia ni muda wa siku 3, na baada yake ni karaha kumpa mtu taazia, kwa sababu huzuni imekwisha kutulia na kumpa taazia ni kuirejeza. Watu wakaishika hesabu, wakaiacha sababu. Mafakihi walitaka moyo wa mfiwa usichokolewe tena. Hawakusema kwamba haki ya jirani hufa siku ya 3. Kumzuru, kumsalimu, kumpelekea sehemu ya mchuzi wako na kumwuliza hali yake ni mambo yasiyo na siku ya mwisho.

SHERIA YAMTAKA NINI MWISLAMU

Husema wengi: nitamsalimiaje mtu ambaye najua hatanijibu? Swali hili si jipya. Imam Nnawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), amelijibu wazi katika kitabu chake Al-Adhkar. Amesema kwamba mwenye kumpita mtu, na dhana yake kubwa ni kuwa hatajibiwa, iwe ni kwa kiburi cha yule anayepitwa au kwa kumpuuza mpitaji, basi amsalimu vivyo hivyo, wala asiiache salamu kwa dhana ile. Na hoja yake ni kwamba mpitaji ameamrishwa kutoa salamu, hakuamrishwa kulipata jawabu. Tena huenda yule akamkadhibisha dhana yake, akajibu.

Akawarudi pia wanaosema kwamba kumsalimu asiyejibu ni kumtia dhambini. Na akaongeza jambo la upole mkubwa: aliyetoa salamu ikasikika isijibiwe, yapendekezwa amsamehe yule haki yake, aseme kwamba amemwondolea deni la jawabu. Tazama adabu ya wanazuoni hawa! Mtu amenyimwa haki yake, na jambo analoelekezwa ni kumpunguzia mzigo yule aliyemnyima.

Basi kazi imegawanywa: salamu ni juu yako, jawabu ni juu yake, na moyo ni wa Mwenyezi Mungu. Mwenye kuyafahamu haya hupumzika. Hatahesabu mara ngapi amejibiwa, wala hatarudi nyumbani akisema amedharauliwa. Mwenye kwenda kwa mtu ili apate jawabu atachoka mara ya tatu. Na mwenye kwenda kwa kuwa ameamrishwa ataweza kwenda miaka.

Maana hii imo pia katika hadithi ya Mtume (s.a.w.) aliyoipokea Bukhari, ya kwamba mwenye kuunga ujamaa si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule ambaye ujamaa wake ukikatwa yeye huuunga. Na katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwamba mtu mmoja alimshitakia Mtume jamaa zake: yeye awaunga nao wamkata, awatendea wema nao wamtendea uovu, awavumilia nao wamfanyia ujinga. Mtume akamwambia kwamba, ikiwa mambo ni kama alivyosema, basi ni kana kwamba anawalisha jivu la moto, na hataacha kuwa na msaada kutoka kwa Mwenyezi Mungu muda wa kudumu katika hali ile. Hakumwambia kwamba jamaa zake watageuka. Alimwambia kwamba Mwenyezi Mungu yu pamoja naye.

Na ama waliogombana, Mtume (s.a.w.) amekataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku 3, wakikutana huyu akageuka na huyu akageuka, na akasema mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Imam Nnawawi katika sherehe yake ya Sahihi ya Muslim ameeleza kwamba kwa madhehebu ya Shafii na Malik salamu huukata uhamano na kuiondoa dhambi yake. Na ikiwa mmoja yuko mbali, akamwandikia mwenziwe barua au akampelekea mjumbe, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba dhambi huondoka pia, kwani ukiwa uliokuwa baina yao umeondoka. Neno moja lenye nia njema, hata likipita juu ya bahari, lina hesabu mbele ya sheria.

MWENDO WA MTUME (S.A.W.)

Alikuwako katika Sahaba mzee wa Kikureshi wa ukoo wa Banu Zuhra, jina lake Makhrama bin Naufal. Alisilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, mwaka 8 wa Hijra (630), na wapokezi wa hadithi wametaja kwamba katika tabia yake mlikuwa na ukali. Siku moja Mtume aligawa majoho, na Makhrama hakupata kitu. Akamchukua mwanawe Miswar, wakaenda mpaka mlangoni pa Mtume, akamwambia kijana amwite. Kijana akaona uzito kumwita Mtume wa Mwenyezi Mungu kwa ajili ya babake. Mzee akamwambia kwamba Mtume si jabari. Mtume akatoka, na mkononi mwake mna joho, akamwonyesha uzuri wake huku akimwambia kwamba hili alimfichia yeye. Makhrama akaridhika.

Na yazingatiwe haya mambo mawili. La kwanza, mzee mkali alipokuja na manung'uniko yake alikuta amekwisha kukumbukwa. Fungu lake liliwekwa kabla hajaja kulidai. Mtu mgumu huja hali amejiandaa kwa vita, na silaha zake huanguka akiona kwamba hakuna aliyemsahau. La pili, Makhrama pamoja na ukali wake wote alijua kwamba mlango ule una mtu atakayetoka. Hapana dawa ya moyo uliofungwa iliyo kubwa kuliko mtu huyo kujua kwamba uko mlango mmoja katika mji ambao akibisha, atafunguliwa.

Khabari ya pili ni ya Thumama bin Uthal, bwana wa Banu Hanifa katika nchi ya Yamama. Huyu alikuwa adui, akakamatwa na wapanda farasi wa Waislamu, akafungwa katika nguzo ya msikiti wa Madina. Mtume akamwendea, akamwuliza ana nini moyoni. Thumama akajibu jawabu la mtu aliyejikaza: ukiua, utamwua mtu mwenye damu ya kulipiwa, ukineemesha, utamneemesha mwenye kushukuru, na ukitaka mali, sema. Mtume akamwacha. Siku ya pili akamwuliza swali lile lile, akapata jawabu lile lile, akamwacha. Siku ya tatu vivyo hivyo. Kisha akaamuru afunguliwe, wala hakumtia sharti. Thumama akaenda kwenye mitende karibu na msikiti, akaoga, akarudi kwa miguu yake, akashahadia, na akakiri kwamba hapakuwa na uso juu ya ardhi akiuchukia kuliko uso wa Mtume, na sasa hapana anaoupenda kuliko huo.

Swali moja kwa siku, na kila siku aachwe na jawabu lake! Huo ndio mwendo. Watu wa leo hutaka katika kikao kimoja mtu atoe yote yaliyomo kifuani, na asipotoa humwona ni mnafiki. Thumama alizungumzishwa, akaisikia swala na Qurani kwa siku 3, kisha akafunguliwa. Na alipokuwa huru kwenda zake, ndipo alipokuja.

Khabari ya tatu ni ya Kaab bin Malik, aliyebaki nyuma katika safari ya Tabuk, mwaka 9 wa Hijra (630). Kuhamwa kwake kulikuwa ni kwa amri ya Mtume, wala hakufananishwi na uhamano wa watu kwa matamanio yao. Baada ya siku 50 toba yake ilipoteremka, aliingia msikitini, na Talha bin Ubaidillahi akainuka mbio, akampa mkono na kumpongeza. Kaab akasema kwamba katika Muhajirina hakuinuka mtu mwingine, na kwamba hakumsahau Talha kwa jambo lile. Hatua chache ndani ya msikiti, na mtu alizikumbuka hata uzeeni mwake. Aliyekaa peke yake muda mrefu huijua hesabu ya kila aliyeinuka.

MPAKA WA KUBISHA

Asidhani mtu kwamba haya ni ruhusa ya kuwaingilia watu. Katika Sura ya Annur Mwenyezi Mungu amekataza kuingia nyumba za watu pasi na idhini na salamu, na akaamuru kwamba mtu akiambiwa rudi, na arudi, kwani hilo ni safi zaidi kwake. Na Abu Musa Alashaari alibisha mara 3 kwa Sayyidna Umar, hakupewa idhini, akaondoka. Umar alipomwuliza akamtajia agizo la Mtume kwamba mwenye kuomba idhini mara 3 asipewe, na arudi. Umar akataka shahidi, na Abu Said Alkhudri akashuhudia. Basi ikiwa mlango wa mbao una haki hii, mlango wa moyo una haki kubwa zaidi. Mwenye kubisha mara 3 akarudi bila hasira ataweza kubisha tena kesho. Na mwenye kuvunja mlango hatakaribishwa kamwe.

Tena, si kila aliyejitenga ni mgonjwa wa kutibiwa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 (1111), katika Ihyau Ulumi Ddin ameweka kitabu kizima cha adabu za kujitenga, akapima faida zake na madhara yake. Yuko aliyejitenga kwa ibada yake au kwa kuuchunga ulimi wake, na huyo aheshimiwe. Na yuko aliyejiepusha na mtu fulani kwa kuwa mtu huyo amemdhulumu. Huyu haambiwi afungue mlango, bali dhalimu huambiwa arudishe haki kwanza.

YA KUFANYWA

Na aanze jirani kwa salamu, kila siku, kwa sauti ile ile, apite asisimame kungoja. Isiwe leo kwa furaha na kesho kwa kinyongo, kwani mtu aliyejifunga hupima: je, huyu atabadilika? Na mwaka mzima wa salamu zisizobadilika ni ushahidi asioweza kuupinga.

Na ampelekee kitu kidogo kisicholemea. Sahani ya futari mwezi wa Ramadhani mkononi mwa mtoto, na mtoto aambiwe aweke na arudi, ni bora kuliko mwaliko wa karamu. Zawadi kubwa humfanya mtu ajione mdaiwa, naye mdaiwa hukimbia.

Na amwombe msaada katika jambo analolijua. Nahodha yule aliyewakataa waliokuja kumpa pole, huenda asimkatae kijana aliyekuja na jarife lililoraruka kumwuliza namna ya kulishona. Mtu aliyezoea kuonewa huruma huona uzito. Na aliyeombwa elimu yake huona kwamba bado anahitajiwa katika ulimwengu.

Asimwulize juu ya jeraha lake. Akilitaja mwenyewe, amsikilize wala asimkatize kwa kumtajia misiba ya wengine. Na aliloambiwa liwe amana, lisifike hata kwa mkewe wala kwa rafiki yake wa barazani, kwani siri moja ikitoka, mlango hufungwa kwa makomeo mawili.

Na akijibiwa kwa ukali, akumbuke amri iliyomo katika Sura ya Fussilat, ya kuuondoa uovu kwa lililo jema zaidi, hata aliye na uadui akawa kama rafiki wa karibu. Mwenyezi Mungu akaeleza papo hapo kwamba daraja hiyo hawapewi ila wenye kusubiri. Subira imetajwa kwa kuwa kazi ni ndefu.

Na wewe uliyeufunga mlango wako, likikufikia karatasi hili, jua kwamba hapana wa kukulaumu kwa kuumia. Lakini jawabu la salamu ni faradhi juu yako, nayo ni faradhi nyepesi: maneno machache, hata mlango ukiwa wazi kwa upana wa kidole. Na Mtume (s.a.w.) amesema kwamba muumini anayechanganyika na watu na kuyavumilia maudhi yao ana malipo makubwa kuliko asiyechanganyika nao wala asiyavumilie. Wengi walikuudhi; pengine yule apitaye kila asubuhi akakusalimu hakuwamo katika wao.

Enyi ndugu, siku moja itanadiwa msikitini kwamba mtu yule amefariki. Hapo mtaa wote utatoka. Watu watashindana kulipokea jeneza, kila mmoja akitaka thawabu ya hatua chache, na watakaolibeba begani ni wale wale ambao kwa miaka 10 walimpita pasi na neno. Kumzika ni faradhi ya kutosheleza, wakisimama baadhi huwatosha wengine. Lakini kila mmoja ataulizwa peke yake juu ya haki ya jirani yake. Basi na asalimiwe leo, angali anaisikia salamu.

Ewe Mola, zifungue nyoyo zilizofungwa kwa maumivu, na zilainishe nyoyo zilizofungwa kwa kiburi, na utujaalie tuwe katika wanaobisha kwa upole na kurudi kwa subira. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote. Walhamdu lillahi Rabbil aalamin.